Funga ya Bi Aliya

"Bi Aliya, wewe huwa unafuturu nini?"

Aliyeuliza ni Ibtihal, mtoto wa nyumba ya pili, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo. Alikuwa ametumwa na mamake, Bi Wadha, aje kumwita jirani kwenye kahawa ya asubuhi, na jibu alilopewa langoni ni lile lile la kila siku: nakuja, lakini msinitilie kikombe, nimefunga. Mtoto akashangaa. Ramadhani iliyopita ndiyo kwanza alikuwa amejaribu kufunga nusu siku, na kwa hesabu yake funga yote ilikuwa ni futari: sinia katikati, watu wameizunguka, macho kwa saa ya ukutani, masikio kwa adhana. Sasa Bi Aliya anafunga Jumatatu, anafunga Alhamisi, anafunga zile siku tatu za mwezi mpevu, na baadhi ya siku anafunga funga ambazo hata bibi yake Ibtihal, aliyehiji mara mbili, hazijui. Na anaishi peke yake. Anafuturu na nani? Anafuturu nini?

Bi Aliya aliinama, akamfunga mtoto kifungo cha gauni kilichofunguka, akasema, "Kamwambie mamako nakuja." Kisha akafunga lango na kubaki nyuma yake, mkono bado uko kwenye komeo, kama mtu aliyeulizwa na kadhi.

Kuanzia siku hiyo, kila Magharibi ikiingia, Bi Aliya aliwasha jiko na kukaanga punje moja ya kitunguu thomu katika tone la mafuta, harufu ikaruka ukuta. Majirani wakawa wanasema, "Huyo, keshafungua."

Hayo yalikuwa mwaka 1997, mjini Ibra, Oman, na kwa mtu anayepita njiani hakukuwa na nyumba ya kuonewa huruma katika mtaa ule. Barabara ilikuwa na lami mpya, taa za umeme mpaka mwisho wa mitende, na kila nyumba ikitaka kuipita jirani yake kwa urefu. Nyumba ya Bi Aliya ilikuwa na nguzo nne mbele na lango la chuma lililochorwa birika la kahawa kwa rangi ya dhahabu. Mumewe, Humaid, aliijenga wakati malori yake yalipokuwa yakichukua saruji kwenda Sur na kurudi. Nyumba njema si mlango, wanasema watu wa Unguja, na Bi Aliya, aliyezaliwa mtaa wa Malindi huko huko na kuletwa Oman akiwa msichana, methali hiyo alikuwa akiijua toka utoto. Hakujua tu kama siku moja ataishi ndani yake.

Humaid alikufa njiani, lori limepinduka kwenye kona. Malori mengine yakaondoka na washirika wake, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Miezi minne na siku kumi za eda Bi Aliya hakujua njaa, maana eda ina adabu zake: asubuhi sinia kutoka kwa Bi Wadha, mchana wali kutoka kwa Bi Fawziya wa nyumba ya kona, jioni uji, na wanawake wamejaa wanasoma. Eda ilipokwisha, alioga, akavaa, akatoka, na masinia yakakoma siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekosea. Mjane katoka eda, ana nyumba ya nguzo nne, ana mtoto wa kiume, Thani, anasoma Maskati. Nani angemfikiria?

Kilichokuwa kikimuogopesha hakikuwa tumbo. Ilikuwa zamu.

Katika mtaa ule wanawake wana kahawa ya saa nne asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamani, bibi wa Ibtihal husema, ilikuwa kahawa na tende, basi. Lakini fedha zilipoingia nchini, sinia la kahawa nalo likanenepa. Kwanza halwa, kisha matunda yaliyomenywa, kisha matunda ya kopo, kisha keki yenye krimu, kisha pudini inayotikisika, na juu ya yote, kabla wageni hawajaondoka, udi na manukato. Aliyekula kwa wenzake sharti naye achukue zamu. Asiyeweza kuchukua zamu hukaa nyumbani, na anayekaa nyumbani husemwa, na anayesemwa hutembelewa ili ionekane ana nini.

Jumatatu ya kwanza baada ya eda Bi Aliya alikuwa amefunga kweli, funga ya suna, kwa nia safi, akimuombea mumewe. Alikwenda kwenye kahawa, akakaa, akacheka na wenzake, na kikombe kilipomfikia akasema amefunga. "Mashallah!" wakasema. Hakula, basi hadaiwi zamu. Alirudi nyumbani na jambo hilo kichwani kama mtu aliyeokota ufunguo.

Ndivyo ilivyoanza. Mwezi wa pili alikuwa hafungi tena, alikuwa anasema tu. Chai kavu asubuhi, mkate mwembamba wa unga na maji ukiwapo unga, na tende za mtende mmoja uliokuwa nyuma ya jiko. Bangili zake za dhahabu zilikwenda moja moja, na hazikuuzwa Ibra, ambako sonara angemtambua. Alipanda teksi mpaka Sur, akarudi na bangili za bandia zinazolia vile vile mkononi. Alichopata alimpelekea Thani. "Mama, hujambo huko?" kijana akauliza kwenye simu. "Sijambo, mwanangu, nyumba imejaa wageni." Hilo halikuwa uongo kamili, maana wageni walikuwa wakija kweli, na walichokuwa wakikijia ndicho kilichomtesa.

Walikuja kuombewa dua. Mwanamke anayefunga vile, walisema, dua yake haina pazia. Wakamletea watoto wenye homa awapulizie. Wakamletea maji ayasomee. Bi Fawziya, ambaye dhahabu ilimfika kwenye viwiko, alikuja na kanzu ya mumewe ili isomewe apate kandarasi. Bi Aliya aliisoma, tumbo likinguruma chini ya shela, na Bi Fawziya akasema kwa heshima, "Hata tumbo lake linamtaja Mungu."

Kulikuwa na njia nyingine, aliijua. Serikali ilikuwa na posho ya wajane. Lakini aliambiwa lazima apeleke mashahidi wawili wa mtaani, waseme mbele ya karani kwamba huyu hana kitu. Alipowaza nani atakuwa shahidi wake, alimwona Bi Wadha, kisha Bi Fawziya, kisha wanawake wa kahawa ya saa nne wakimsogezea kikombe kwa mikono miwili kama anavyosogezewa mgonjwa. Akasema moyoni, bora njaa. Njaa haiongei.

Mwaka ukapita hivyo. Ikaja Iddi ya kuchinja.

Iddi hiyo Bi Aliya aliingoja kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule. Iddi haina zamu. Iddi kila mtu hula kwa kila mtu, na siku ya tatu nyama hutolewa shimoni: mbuzi na ng'ombe waliopakwa viungo, wakafungwa ndani ya vifuko vya makuti, wakazikwa kwenye tanuri la ardhini usiku na mchana mpaka mfupa wenyewe unajiachia. Tanuri la mtaa lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Huwaida, bibi yake Ibtihal. Siku mbili nzima harufu ilikuwa ikipanda kutoka ardhini, na siku mbili nzima Bi Aliya alikuwa akipita karibu na shimo lile kwa sababu za uongo. Mara anatafuta paka. Hana paka.

Mwaka ule siku ya tatu iliangukia Alhamisi.

Wanawake walikaa kwenye mkeka mrefu ukumbini, sinia la wali katikati, nyama juu yake inatoa moshi. Ibtihal alikuwa ameketi mkabala na Bi Aliya, na ndiye aliyemwona akifungua vidole, akikunja mkono wa kanzu, akimeza mate. Bi Fawziya akamchambulia pande la nyama laini, akalisogeza mbele yake.

"Bismillahi, Bi Aliya. Karibu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Aliya, "nimefunga."

Ulimi ulimtangulia. Mwaka mzima ulikuwa umefundishwa neno hilo, na mbele ya sinia haukungoja ruhusa. Alilisikia limeshatoka, mkono wake uko hewani, vidole viwili karibu viguse nyama.

Bi Huwaida, mwenye nyumba, akaweka tonge chini.

"Umefunga? Leo? Siku ya tatu ya Iddi? Aliya, dini hiyo kakufundisha nani? Siku hizi Mungu mwenyewe kaalika watu, kasema kuleni na kunyweni. Kufunga leo haramu!"

Watu wakacheka. Bi Wadha akamtetea haraka: "Leo si ni Alhamisi, mama! Kasahau siku, masikini ya Mungu. Mazoea."

"Mazoea ya ibada," Bi Fawziya akadakia. "Sie mazoea yetu kusahau swala, yeye mazoea yake kusahau kula. Wallahi huyu mwanamke pepo yake imeshajengwa."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ilibidi tu aseme "nilisahau", acheke pamoja nao, ale mpaka ashibe, na kesho aendelee. Siri ingebaki salama, na heshima ingezidi. Ibtihal, aliyekuwa akimkodolea macho kwa sababu watoto hawajui kutazama pembeni, aliona uso wa Bi Aliya ukipata joto na kisha ukatulia kabisa, kama maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakishafunguliwa lango.

"Sikusahau," akasema. "Na sikufunga. Leo sikufunga, na Jumatatu sikufunga, na ukiacha Ramadhani, mwaka mzima huu siku nilizofunga kweli haziwezi kufika kumi. Sina chakula nyumbani. Nimekuwa nikisema nimefunga ili nisile chenu, maana nikila chenu lazima niwalishe, na sina cha kuwalisha. Nimemsingizia Mungu. Kanzu ya mumeo, Bi Fawziya, niliisomea na njaa, sikuwa na ibada yoyote. Nisameheni, na Mungu anisamehe."

Alisema yote hayo bila ya kulia, mgongo umenyooka, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Bi Wadha alianza kulia yeye. Nje wanaume walikuwa wakibishana nani alitia pilipili nyingi.

Bi Huwaida ndiye aliyesema kwanza. "Basi kula," akasema kwa ukali. "Maneno yatangoja, nyama haingoji. Kula, mwanangu. Na ninyi mnamtazama nini? Hamjapata kumwona mtu akila?"

Bi Aliya akala. Alikula pole pole, kwa adabu, pande kwa pande, na wenzake wakala pamoja naye mpaka chini ya sinia pakaonekana.

Kabla hajanawa mikono, mipango ilikuwa imeshaanza. Gunia la mchele litatoka hapa, mafuta yatatoka pale, imamu aambiwe amtie katika orodha ya zaka. Bi Aliya akainua mkono.

"La. Magunia mlangoni kwangu sitaki. Leo mtaleta kwa machozi, mwezi wa tatu mtaleta kwa kuchoka. Nataka vitu viwili tu. Nataka mashahidi wawili wa kwenda nami ofisini. Na nataka zamu yangu ya kahawa. Jumamosi ijayo, kwangu."

"Utatupa nini?" Ibtihal akauliza, mamake akamfinya.

"Kahawa," Bi Aliya akamjibu, "na tende."

Ofisini walikwenda Bi Wadha na Bi Huwaida. Karani alikuwa kijana mwenye kofia mpya na kalamu ya mfukoni, akamuuliza Bi Huwaida kwa heshima kama anamjua vyema huyu mama na kama ana mali yoyote.

"Andika, mwanangu," akasema Bi Huwaida. "Ana nyumba kubwa, na kiburi kikubwa kuliko nyumba. Viwili hivyo haviliki."

"Niandike hivyo, bibi?"

"Andika. Mimi nitatia kidole."

Karani aliandika kwa maneno yake mwenyewe, na Bi Aliya, ambaye alikuwa ameiogopa siku hiyo kwa mwaka mzima, alijikuta anacheka mpaka akashika meza. Mashahidi wenyewe walikuwa wakigombana nani atangulie kutia kidole.

Jumamosi ile wanawake wote walikuja. Hata waliokuwa hawaji kwa wengine walikuja, kwa udaku labda, lakini walikuja. Lango lilikuwa wazi. Ukumbini mlikuwa na birika moja, vikombe vilivyosafishwa mpaka vinang'aa, na sahani ya tende. Hakuna kingine. Bi Aliya alimimina mwenyewe, kwa mkono wa kushoto birika, wa kulia kikombe, kama inavyotakiwa, akawapitia mmoja mmoja na kila mmoja akanywa vikombe vitatu. Hakuomba radhi. Angeomba radhi, wangempa huruma. Hakuomba, wakampa habari za mtaa.

Walipoondoka, Bi Fawziya alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu.

"Mwenzangu," akasema chini chini, "zamu ijayo ni yangu. Unadhani nami nikitoa kahawa na tende watasema?"

"Wewe? Kwa nini wewe?"

Bi Fawziya akazungusha bangili zake. Zililia mlio ambao Bi Aliya aliujua vizuri sana.

"Kila zamu yangu ikifika," akasema, "wanangu hula chai na mkate wiki nzima. Ile keki ndiyo chakula chao. Kandarasi haijapatikana hata moja toka mwaka juzi."

Bi Aliya alimwaga tende zilizobaki katika kitambaa, akakifunga fundo, akamtia mkononi. Wiki iliyofuata kwa Bi Fawziya ilikuwa kahawa na tende, na kwa Bi Wadha vile vile, na aliyekuja kuleta tena pudini alionekana mtu wa ajabu kidogo, pudini yake ikatikisika peke yake mpaka saa sita.

Thani alipoelezwa alikuja kutoka Maskati kwa basi, akasimama jikoni akafungua makabati matupu moja baada ya jingine. "Mama, mie nilikuwa nakula mara tatu kwa siku," akasema. "Ndiyo," akasema mamake, "na mtihani ukafaulu. Funga makabati, mende wataingia."

Posho ilitoka. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa na tarehe, na mtu mwenye tarehe anaweza kupanga. Vyumba viwili vya mbele akawapangisha walimu wawili wa kike. Na chuo kilipofunguliwa mjini na bweni la wasichana likataka mama wa kuliangalia, Bi Huwaida alikwenda tena kumtolea ushahidi, safari hii bila ya kuombwa.

Bweni ndilo lililomfanya Bi Aliya awe Bi Aliya anayejulikana leo Ibra nzima. Wasichana hutoka mbali, kutoka vijiji vya milimani, kutoka Qalhat, kutoka ukingo wa jangwa la mchanga. Wana posho, wana simu mkononi, wana abaya za kumeta. Hakuna anayewafikiria. Yeye huwatazama wakati wa chakula, na hatazami wanaokula. Hutazama anayepitia kitabu saa ya chakula cha mchana. Hutazama chupa ya maji inayojazwa mara nyingi. Mwaka 2006 alikuwapo mmoja, Yaqeen, kutoka Al Mintirib, aliyekuwa akituma posho yake yote kwao na kusema amefunga. Amefunga Jumatatu, vyema. Amefunga Alhamisi, vyema. Siku aliposema amefunga Jumanne, Bi Aliya hakumuuliza funga gani ya Jumanne. Alisema, "Alhamdulillahi, na mie nimefunga. Kufuturu peke yangu kunanichosha. Magharibi njoo chumbani kwangu."

Na alifunga kweli. Kila siku msichana yule aliposema amefunga, Bi Aliya naye alifunga, tokea alfajiri, mwanamke wa miaka hamsini na moja, akipanda na kushuka ngazi za bweni. Ikaendelea hivyo wiki tano. Wiki ya sita Yaqeen aliweka kijiko chini, akasema mwenyewe alichokuwa akikificha, na kesho yake wakakaa na karatasi ya posho, wakaandika pamoja kiasi gani kiende nyumbani na kiasi gani kibaki kwa tumbo lake.

Ibtihal aliyasikia hayo bwenini, Alhamisi moja baada ya Alasiri. Alikuwa na miaka kumi na sita sasa, meno yote yapo, na maswali mengi kuliko zamani. Alikuja kumwamkia. "Shikamoo, Bi Aliya." "Marahaba, mwanangu, keti." Bi Aliya alikuwa anachambua mchele juu ya ungo, papa mkavu amelowekwa kwenye bakuli, na jua bado lilikuwa juu ya mitende. Walizungumza habari za shule, habari za bibi, habari za Yaqeen. Kisha Ibtihal akakumbuka, au pengine hakuwa amesahau hata siku moja.

"Nilikuuliza kitu nikiwa mdogo. Langoni. Hukunijibu."

"Najua ulichoniuliza." Bi Aliya akaendelea kuchambua, akatoa jiwe dogo, akalitazama, akalitupa. "Tende, zilipokuwapo. Tatu, si zaidi, ili zifike kesho. Zilipokwisha nilikunywa maji nikalala na jua, njaa isinikute macho. Ndicho nilichofuturu. Watu wazima wote mwaka ule waliniuliza habari za swala zangu na dua zangu, na wewe peke yako uliniuliza habari ya chakula. Nilikimbia nyuma ya lango, nikasimama pale nikisikiliza kama umeondoka. Lakini uliuliza mara moja tu, Ibtihal. Ungegonga ukauliza mara ya pili, ningekwambia."